Pombe Iliyofungwa Ikiongea

Nilimpiga kofi mwanamke wa rika la mama yangu kwa sababu ya kiganja cha unga. Nianze hapo, maana nikianzia kwingine nitajipamba, na kwa kujipamba mimi najijua.

Ilikuwa Gungu, Kigoma, katika nyumba ya vyumba viwili na stoo aliyoniachia marehemu mama, miaka ile Warundi walipofurika tena upande wetu, mitumbwi ikishusha watu ufukweni na malori yakiwapeleka kambini. Sheria ilikuwa fupi. Mkimbizi anakaa kambini. Akikutwa mjini bila kibali anakamatwa, na aliyemficha naye ana kesi yake. Mimi nilimficha mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na nane, nachapa barua za watu na kutoa kopi kwenye steshenari, na nilikuwa na hasira ambayo mtaa mzima uliijua. Mwanamume niliyeishi naye kabla ya hapo aliondoka na alama ya meno yangu begani, na hakurudi hata kuchukua viatu vyake.

Huyo niliyemficha nilimwita Mama. Nilimkuta kijijini Simbo akipalilia mihogo ya watu, nikamchukua anisaidie nyumbani, na baada ya miezi miwili sikujua tena nani anamsaidia nani. Alikuwa ametoroka kambini kwa sababu ya mume wake. Vita aliviacha kwao, mume akaja naye. Siku moja aliuza mafuta ya mgao bila kumuuliza, na yule mtu akamkata panga mkono wa kushoto, vidole viwili vikabaki vimekunjika kabisa. Aliponionyesha ule mkono alisema taratibu, kama anayesoma orodha ya vitu vya sokoni: "Wakinirudisha kwake, mwanangu, safari hii hatakata vidole." Sikumuuliza atakata nini.

Kwa hiyo tulijipanga. Sisi Waha na wao tunaelewana bila mkalimani. Tofauti ni maneno machache na namna ya kuvuta sauti. Mtu akiuliza, yeye ni mama mdogo wangu kutoka Simbo. Nilimfundisha majina ya vitongoji, nani kazikwa wapi, ukame gani uliua mahindi ya nani. Tulirudia jioni kwa jioni huku tukichambua maharage, mimi nikijifanya mgambo na kumkaripia, yeye akicheka mpaka anajifuta machozi. Lakini mzigo wa maneno yale ulikuwa wangu. Yeye akisema peke yake kuwa ni wa Simbo, si kitu. Mwenyeji ndiye anayetakiwa kusimama na kusema, "Huyu ni wangu."

Sasa nije kwenye pombe.

Kompyuta yangu niliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao na kuuza kila kitu hadi chandarua. Ndani yake alikuwa ameacha programu ya kupangia pombe za nyumbani. Niliifungua kwa umbeya tu, nijue wazungu wanapikaje. Ikaanza kunihoji kama karani wa hospitali: unataka lita ngapi, nafaka gani, kilo ngapi, utachemsha kwa dakika ngapi, chachu ipi, chumba kina joto kiasi gani. Pembeni palikuwa na picha ya glasi, na kila ukijibu swali pombe ya kwenye glasi inabadilika rangi. Ukiongeza nafaka iliyokaangwa inakuwa nyeusi. Ukipunguza inarudi rangi ya asali. Chini inakuandikia ukali wa pombe utakavyokuwa na siku itakapokuwa tayari.

Nilinogewa. Katika wiki mbili nilipanga pombe kumi na nne bila kulowesha sufuria hata moja. Nilizipa majina, nikazifuta, nikazipanga upya kwa sababu rangi ya glasi haikunifurahisha. Mama alikuwa anasimama nyuma yangu na kitambaa cha vyombo mkononi, anaitazama ile glasi, kisha ananiuliza, "Sasa hii tunainywea wapi, mwanangu? Tutoboe kioo?"

Shida zilikuwepo na niliziona. Orodha ya nafaka ilikuwa shayiri juu ya shayiri, zote za Ulaya. Mtama ulikuwa mmoja, chini kabisa, na ndizi hazikuwemo. Ndizi nikaziandika kama sukari, kwa kukisia. Tena programu ilitaka uwe na kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya pombe, kikuonyeshe sukari iliyobaki. Sikuwa nacho. Lakini yenyewe ilikuwa imeshaandika makadirio ya namba hizo, nami nikayachukua makadirio nikayafanya kipimo. Kama unaanza kupika kwa programu, shika hilo: ile namba ni matumaini ya mashine, haijaonja kitu.

Mteja mmoja alikuja kuchapisha kadi za send-off ya binti yake, akanikuta na ile glasi kwenye kioo. Tukaongea. Akaagiza chupa arobaini: pombe ya mtama na ndizi, ya kwetu, lakini ndani ya chupa na yenye lebo. Nilikosa usingizi kwa furaha. Nilitaka watu wa ukumbi mzima waishike chupa yangu na kuuliza imetoka wapi. Nimeshika karatasi za watu wengine maisha yangu yote, na nilitaka kitu chenye jina langu.

Kimea Mama alikiotesha mwenyewe, akalowesha mtama kwenye gunia, akauanika ulipotoa mizizi, akausaga. Ndizi tulizifuata Simbo. Tulikanda, tukachemsha, tukachuja, na mpaka hapo hatukugombana. Ugomvi ulikuja pombe ilipoingia kwenye ndoo. Programu ilisema: funika, usifungue hadi siku ya saba. Lakini Mama alikuwa na desturi yake, na isiwe nasema uongo, ilikuwa desturi ya mama yangu mzazi pia: siku ya tatu pombe hutiwa kiganja cha unga wa kimea, "kuiamsha", kisha hufunikwa kwa jani la mgomba ili ipumue. Nimekua nikiliona jambo hilo katika ua uleule.

Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini mchana nikamkuta Mama, kifuniko kiko chini na mkono wake umezama kwenye ndoo hadi kwenye kiwiko.

Kofi lilitangulia, maneno yakafuata. Kichwa chake kiligonga mwimo wa mlango, na unga uliobaki kiganjani ukamwagika sakafuni. Nikapiga kelele, "Umeniharibia! Nani amekutuma? Nani?" Nilikuwa nimeinua mkono tena. Yeye hakujikinga. Alikuwa amezoea, na kuona kwamba amezoea kulinizidishia hasira badala ya kunipoza. Sijui kwa nini nilikuwa hivyo, lakini ndivyo nilivyokuwa.

"Ilikuwa imelala," alisema. "Nimeiamsha."

Akachukua ufagio akafagia ule unga.

Sikumwomba radhi. Kesho yake nilinunua samaki, migebuka minne mikubwa, nikaikaanga mwenyewe, nikamwekea yeye ile minono, nikadhani nimemaliza. Alikula akashukuru. Aliendelea kuniita mwanangu, na shavu lake lilikuwa limevimba.

Kitu cha kufanya kilikuwa rahisi. Ningefungua programu, niandike kwamba siku ya tatu kimeongezwa kimea kingine, nayo ingesogeza tarehe mbele. Niliifungua. Nilikaa nayo muda mrefu. Kuandika kile kiganja kungekuwa kukubali kwamba kina mahali pake katika pombe yangu, na kama kina mahali pake, basi lile kofi lilikuwa la nini? Nikaifunga bila kuandika. Mashine haikujua habari za ule unga. Mimi nilijua.

Siku ya saba ikatokea alama ya kijani: tayari. Nilikuwa na chupa arobaini za soda na bia nilizozipata kwenye baa, nyingine zimechakaa shingoni, na kimashine cha mkono cha kubana vizibo. Mama aliinama akaweka sikio kwenye ndoo.

"Bado inaongea," akasema.

"Programu inasema imenyamaza."

"Oya, hapana, mwanangu. Kwetu inzoga ikiwa inaongea haifungwi. Ukiifunga mdomo itapitia wapi?"

Nikamwambia kama anaogopa akae pembeni. Akakaa pembeni, akawa ananipa chupa moja moja, nami nikabana vizibo vyote arobaini na kuvibandika lebo nilizochapa mwenyewe. Nilizipanga stoo, chini ya mabati. Ilikuwa kiangazi, na mabati ya Kigoma kiangazi mchana huwezi kuyagusa.

Ya kwanza ilipasuka Jumamosi, saa nane mchana. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Mlio ulikuwa mkavu, na kabla sijageuka alikuwa ameshalala kifudifudi, mikono kichwani, mchele umetapakaa. Mimi nilielewa mara moja ni chupa. Nilicheka. Nilisimama pale nikamcheka mtu aliyekimbia risasi, kisha nikafungua mlango wa stoo niingie kuangalia hasara.

Nilisikia akipiga kelele, "Oya! Usiingie!" Ya pili ikapasuka, ya tatu na ya nne kwa pamoja, halafu sikuhesabu tena. Kipande kilinichana mkono kutoka kwenye bega hadi karibu na kiwiko. Nilikuwa nimeganda katikati ya stoo, povu linaruka usoni, chupa zinapasuana zenyewe kwa zenyewe. Nikagongwa na mtu. Alinisukuma kwenye kona, akaniangusha, akanilalia juu. Nilikuwa nasikia vioo vinamwingia mgongoni, akiguna kwa kila kimoja. Mdomo wake ulikuwa sikioni mwangu anasali kwa lugha yake.

Mimi nilijua ni pombe. Yeye alidhani ni bunduki, na aliingia. Nimekuwa nikilirudia jambo hilo kwa miaka, na kila nikilirudia linanichoma.

Gungu nzima ilisikia. Miaka ile majambazi wenye silaha walikuwa hadithi ya kila wiki, na mtaani watu walishaamua kwamba bunduki zote zinavuka na wakimbizi. Vijana walivunja geti. Walikuja na rungu, mawe, mchi, mmoja na mpini wa jembe, na nyuma yao mgambo wawili wakipuliza filimbi. Walitukuta tunatambaa kutoka stoo tumelowa damu na povu. Wakamvuta Mama kwa miguu. Kitambaa kikamvuka kichwani. Mtu akamkanyaga mgongo uliojaa vioo, na maumivu yakamfanya alie kwa Kirundi safi.

"Mrundi! Mrundi ana silaha!"

Wakamfikia. Sitaki kueleza yote. Nitasema tu kwamba kijana mwenye mpini wa jembe alimpiga upande wa kichwa, juu ya sikio, na ule mlio ulikuwa tofauti na mapigo mengine. Niliruka nikamng'ata kijana mmoja mkono. Nilipigana kweli, hilo nalisema bila kujipamba, mpaka rungu la mgambo liliponipiga mdomoni. Jino lilivunjika na damu ikanijaa kinywani. Mgambo akanishika ukosi wa gauni.

"Huyu ni nani wako?" akauliza. Rungu lilikuwa bado juu. "Sema! Nani wako?"

Maneno nilikuwa nayo. Tulikuwa tumeyarudia jioni ngapi? Ni mama mdogo wangu, wa Simbo. Watu wa mtaa walishamsikia nikimwita Mama. Wangeweza kuamini, au angalau kusita. Nilifungua kinywa, nikaliona lile rungu, nikaona na jela nyuma yake.

"Ni kibarua tu," nikasema. "Alikuja kufua. Simjui vizuri."

Rungu likashuka taratibu, na hawakunipiga tena.

Mwenyekiti wa mtaa alifika akihema, akaingia stoo, akatoka na kipande cha chupa chenye lebo yangu. Akakinusa. Akaweka ulimi. "Pombe hii!" akasema, na watu wakaanza kucheka, kwanza mmoja kisha wote, kicheko cha watu waliotoka kwenye hofu. Kijana mwenye mpini naye alicheka. Mama alikuwa amelala katikati yao, jicho moja wazi, linanitazama.

Mwenyekiti alikuwa mzee muungwana. Alichutama karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti, huyu ana watu? Kama ni ndugu yenu, mimi naandika ni ndugu yenu, yaishe hapa. Sema wewe mwenyeji." Alinipa nafasi ya pili, mchana kweupe, bila rungu. Nami nilikuwa nimeshasema kibarua mbele ya umati, na nikaona aibu kubadilisha. Nikatikisa kichwa.

Walimpakia kwenye gari la polisi, wakamlaza ubavu. Gari lilipoondoka nilihisi nafuu. Sikuhisi huzuni kwanza. Nafuu, kifua kikafunguka kabisa. Huzuni ilikuja jioni nilipokuwa naokota mchele uani. Nilichukua mchi nikaivunja kompyuta, nikaipondaponda hadi vipande vikaruka ukutani, huku natukana. Niliipiga mashine kwa sababu ilikuwa karibu.

Ilipita karibu miezi minane kabla sijapata ujasiri wa kwenda kumtafuta. Nje ya kambi kulikuwa na soko ambalo wakimbizi na wanavijiji waliuziana. Nilizunguka nikiuliza, nikamkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya mafungu ya nyanya chungu. Meno ya mbele hayakuwepo. Shingo ilikuwa na kovu jipya, bado jekundu. Hatua chache nyuma yake mwanamume mwenye mabega mapana alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka, kofia usoni, na sikuhitaji kuambiwa ni nani. Walikuwa wamemrudisha kwake, kama alivyosema watamrudisha.

Aliponiona alitupa chini kisu cha kumenyea, akanikumbatia akanitikisa. "Mwanangu! Mwanangu amekuja!" Akawageukia wanawake wa meza za jirani, akawaambia kwa haraka maneno ambayo niliyaelewa yote, maana lugha zetu ni ndugu. "Ndiye huyu! Yule binti yangu wa Gungu niliyewaambia. Aliyenipigania mpaka wakamvunja jino."

Wanawake wakaja kunishika mkono mmoja mmoja. Bibi mmoja alinishika kidevu akaangalia pengo langu, akatikisa kichwa kwa heshima.

Mama akanielekezea sikio la kulia. La kushoto, akasema, lilikufa siku ile. Alipigwa, kukawa na mvumo tu, hakusikia tena kitu chochote hadi kambini. "Lakini niliona," akasema. "Niliona mdomo wako unatembea na damu inatoka, yule mgambo ameinua rungu, wewe unasema tu, unasema tu. Nikajua mtoto huyu ananitaja kuwa wake. Huyu wangu hapa akinianza," akaashiria mkekani kwa kidevu, "nakumbuka hilo. Nasema, Gungu kuna mtu wangu."

Ningeweza kunyamaza. Nimekutana na watu wenye busara walioniambia hivyo baadaye, kwamba kuna ukweli wa kubaki nao tumboni mwako. Lakini mimi sikuja kwa ajili yake, nilikuja kwa ajili yangu. Nilikuwa nimelibeba lile neno miezi minane na nilitaka kulitua. Nikainama nikamwambia.

Hakusikia vizuri, soko lilikuwa na kelele. "Umesema nini?"

"Nilisema wewe ni kibarua."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Sikio hili nalo si zima."

Nikasema kwa nguvu. "Waliniuliza wewe ni nani wangu. Nikasema ni kibarua tu, simjui. Mwenyekiti akaniuliza tena, nikatikisa kichwa."

Wanawake wa meza za jirani walisikia. Yule bibi aliyenishika kidevu aligeukia nyanya zake akaanza kuzipanga upya. Mama akainama akatafuta kisu chake chini, akakifuta kwenye kitenge. Mtu wa kwenye mkeka alijigeuza, akatoa kofia usoni, akamwita kwa sauti ya ukali.

"Naja," akamjibu. Halafu akaniuliza mimi gari langu la kurudi Kigoma linaondoka saa ngapi.